Bibi Shwari na Sheria Fupi

Nchi ya Shwarini haimo katika ramani yoyote, na wenyeji wake wanasema hilo ni kosa la ramani. Kidawa binti Mzuzuri aliingia huko akiwa na kanga mbili za akiba na agizo moja la mama yake: "Mlete mdogo wako nyumbani. Sitaki maelezo." Mdogo wake ni Zawena, aliyekuwa amekwenda Shwarini kufanya kazi ya mashamba. Wachuuzi wa chumvi, ambao hawajui kufunga midomo, ndio walioleta habari kwamba binti huyo ana mimba na amewekwa ndani.

Huyo Kidawa kazi yake ilikuwa kushona nguo, ila sifa yake haikutokana na cherehani. Alijulikana kwa mdomo. Mtu akigombana na mwenye nyumba, humwita Kidawa amsemee. Mke akirudishwa kwao bila sababu, Kidawa hufunga kanga yake kiunoni na kwenda kuitafuta sababu, na aghalabu alirudi na ushindi. Kushinda kulikuwa kumemzoea, naye amekuzoea, kiasi kwamba alikuwa haulizi tena kama kila ushindi una faida.

Langoni alimkuta mlinzi, mama mmoja mnene aitwaye Sijali, ameketi juu ya kigoda na funguo mapajani.

"Shwari?" Sijali aliuliza.

"Si shwari, mama. Mdogo wangu amefungwa humu."

"Mwanangu, hapa jibu ni moja. Sema shwari, halafu pita."

Kidawa akasema shwari, akapita. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza katika nchi ile, na lilikuwa la uongo, kama yalivyo maneno ya kwanza ya wageni wote wanaopokewa vizuri huko.

Sasa niseme wazi, maana wenyewe hawasemi. Shwarini wanalima bangi. Hawalimi mpunga wala mihogo. Chakula chao huletwa na wachuuzi. Lakini ukilitamka neno bangi mbele ya watu, mdomo wako utasuguliwa kwa sabuni ya kufulia hadi utoe mapovu. Mmea wenyewe unaitwa Bibi Shwari, na heshima anayopewa sijaona akipewa mwanamke yeyote aliyezaliwa na mwanamke mwenzake.

Aliyempokea Kidawa ni Bwana Makwega, Mtunza Mkuu wa nchi. Huko hakuna mfalme wala waziri. Wanaotawala wanaitwa Watunza, na wote ni wanaume. Makwega alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini na kucha safi. Kidawa alipoanza kumweleza habari za Zawena, alimwinulia kiganja taratibu.

"Kwanza tumsalimie Bibi," akasema. "Shida zina zamu yake."

Wakaenda shambani. Mistari ya mimea ilikwenda mbali kuliko jicho, na mbele ya kila mstari alisimama ofisa aliyevaa joho jeupe. Makwega aliinama mbele ya mmea wa kwanza. "Shikamoo, Bibi," akasema. Yule ofisa, bila kucheka, akajibu kwa niaba ya mmea: "Marahaba." Hao wanaitwa Waitikiaji, na cheo hicho hakipatikani ila kwa kujuana na mtu.

Kidawa akainama, akasalimia, akaitikiwa. Alipoinua kichwa alimwona bibi kizee mmoja akiburuta kapu la samadi kati ya mistari, mgongo umepinda. Kwa malezi yake hakuweza kunyamaza. "Shikamoo, mama," akamwambia. Yule kizee alishtuka, akaziba uso kwa mkono na kuharakisha kuondoka.

"Usimtie matatani," Makwega alisema kwa upole. "Hao tunawaita mikono. Mikono haisalimiwi."

Kidawa alihisi hasira ikimpanda, akaimeza, kwa sababu alikuja kuchukua mtu na si kurekebisha nchi. Akamwacha mwenyeji wake amsifu Bibi, naye Makwega alimsifu kama mshenga anavyomsifu bibi harusi. Kimo chake hakipiti kiuno cha mtu, ili upepo usimchezee. Shina lake ni nene, majani mapana, na ubavuni mwa kila jani kuna wekundu wa zambarau. Vichala vyake ni vizito hata vinahitaji kuegemezwa vijiti, na juu ya vichala kuna utomvu mweupe uliotanda kama sukari iliyomwagika. Harufu yake ni ya limau, mafuta ya taa, na mapera yaliyoiva hadi kuoza. Hukomaa upesi kuliko mimea yote ya ukoo wake. Hataki maji mengi. Hupenda kungojeshwa kidogo, apate kiu, kisha ndipo apewe.

"Na nguvu yake?" Kidawa aliuliza.

Hapo Makwega alitabasamu. "Babu zetu walivuta wakacheka. Baba zetu walivuta wakalala. Sisi tunavuta tunakubali."

Alieleza kwamba ilichukua vizazi vingi vya kuchagua. Kila mmea uliowafanya wavutaji wacheke uliondolewa, kwa kuwa kicheko kina maswali ndani yake. Kila mmea uliowalaza uliondolewa pia, kwa kuwa mtu aliyelala hafanyi kazi. Waliubakiza ule unaomwacha mtu macho wazi, mikono ikifanya kazi, na ulimi ukiwa umesahau ulichotaka kulalamikia. Kila raia hupewa sehemu yake asubuhi, na kukataa ni utovu wa adabu.

Saa kumi alasiri, jua likiwa bado juu na kali, ilipigwa tarumbeta, na usiku ukaanza. Sisemi kwa mafumbo. Watu walikimbia na vitambaa vyeusi, wakafunika mashamba, wakafunika madirisha, wakawaita watoto walale. Bibi Shwari hachanui mpaka aone usiku mrefu, na Watunza walipoona usiku wa Mungu hautoshi, waliongeza wao.

"Na watu hawaoni shida kukaa gizani jua likiwaka?" Kidawa aliuliza.

"Ukiwauliza watakwambia shwari," Makwega alijibu, na hakusema uongo.

Asubuhi alimwonyesha jinsi madume yanavyoondolewa. Mmea ukianza kukua, mkaguzi hupita akiangalia vifundo vya shina. Akiona nywele mbili nyeupe, hilo ni jike, hulipigia magoti. Akiona vifuko vidogo, hilo ni dume, na halingoji kesho. Siku ile Kidawa alimwona mwanamke mmoja akilishika dume shingoni, akaling'oa na udongo wake, akalikatakata kwa panga na kulitupa motoni. Moshi ulikuwa mchungu. Kidawa aliutazama moto ule kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa, na picha yake ikamkaa kichwani.

"Vumbi la dume likimgusa Bibi, anashika mbegu," Makwega alimweleza. "Na akishika mbegu, nguvu yote aliyokuwa anatupa sisi anaipa mbegu zake. Hana faida kwetu tena. Ndiyo maana sheria yetu kuu ni fupi, kila mtu anaijua kwa kichwa. Dume ling'olewe. Jike lenye mbegu ling'olewe."

"Sheria hiyo ni ya mimea?"

"Ni ya majike na madume."

"Nauliza kama ni ya mimea au ya watu."

"Tungeandika hivyo ingekuwa ndefu," Makwega alisema.

Kidawa alielewa sasa mdogo wake amefungwa kwa nini. Mdomo wake haukuwahi kumwacha peke yake. "Basi nieleze, bwana. Madume yote yanang'olewa. Mbona ninyi Watunza hamjang'olewa?"

Makwega hakukasirika. Ilionekana ameulizwa hilo mara nyingi na wageni. "Sisi hatukuota, binti yangu. Tumeteuliwa."

"Na mbegu mnapata wapi, kama hakuna dume?"

Swali hili lilimfurahisha. Alimpeleka mpaka kwenye nyumba ya mbegu, akamchungulisha kupitia tundu la ukuta. Ndani ulisimama mmea mmoja mkubwa peke yake, taa zikiuchoma pande zote. Majani yake yalikuwa yamejikunja kama mtu anayeumwa tumbo. Makwega alieleza kwa sauti ya msikitini. Huchaguliwa jike bora kuliko yote. Hunyimwa raha. Leo anapewa mwanga wa kuchoma, kesho hafifu. Leo maji, kesho kiu. Hupakwa dawa asizozipenda. Mwishowe, kwa kuchanganyikiwa, jike lile linatoa vumbi la kiume lenyewe, na vumbi hilo huchukuliwa likapakwa majike mengine. Mbegu inayopatikana hapo haina baba. Na kwa kuwa haina baba, ikipandwa haizai ila majike matupu.

"Kwa nini mnamtesa hivyo?"

"Hateswi. Anajitolea." Makwega aliinamisha kichwa. "Mbegu isiyo na baba ndiyo fahari ya nchi hii. Imo kwenye bendera yetu."

Kidawa alilishika neno lile na kulihifadhi, kama fundi anavyohifadhi kipande kizuri cha kitambaa, bila kujua bado atakishonea nini.

Mchana wakamruhusu kumwona Zawena. Alikuwa katika kibanda cha udongo, tumbo limeshajitokeza, na askari ameketi mlangoni masikio wazi. Walikuwa wakimvutisha Bibi Shwari asubuhi na jioni, hata macho yake yalikuwa mazito na maneno yakimtoka polepole. Alipomwona dada yake alilia bila sauti.

"Shwari, dada," akasema.

"Nani amekufanyia hivi, mdogo wangu?"

Zawena alimtazama askari, kisha akasema, "Nilikuwa zamu ya mifereji. Chini ya Mtunza Maji." Hakuongeza neno, wala Kidawa hakuhitaji neno la kuongezwa. Aliyajua ya mabwana wenye funguo za maji toka hajabaleghe.

"Kesho wananisomea sheria," Zawena akasema. "Dada, waache waning'oe."

"Nyamaza."

"Waache tu, dada. Mzizi wangu si wa hapa." Alimkazia macho alipokuwa akisema hivyo, akamminya kidole, akaminya tena. Kidawa aliuona moto ule wa asubuhi na panga likikata shina. Akamwambia mdogo wake huo ni moshi unaosema, si yeye. Asikate tamaa, asiseme ovyo mbele ya askari, amwachie yeye kazi. Zawena alifungua mdomo, askari akakohoa, akaufunga.

Baraza la Watunza lilikutana siku iliyofuata kwenye ukumbi wenye mapazia meusi. Asubuhi yote ilikwisha wakijadili jambo moja: kama kesi ya Zawena ni ya kilimo au ya watu. Mtunza Ghala alisema ni ya kilimo, kwa sababu mshitakiwa ni jike na ana mbegu. Mtunza Vitambaa alisema ni ya watu, kwa sababu mshitakiwa anazungumza. Mtunza Ghala akauliza kuzungumza kwa mikono kuna uzito gani. Walipochoka wakakubaliana kwamba sheria ni fupi na haitofautishi, hivyo nao hawana mamlaka ya kutofautisha. Mikono iliyojaa nyuma ya ukumbi ilisikiliza yote hayo kwa utulivu mkubwa. Walikuwa wamekwisha kupata sehemu yao.

Kisha akasimama Mtunza Maji. Alikuwa mtu mrefu, mzuri wa sura, pete kidoleni, na kati ya wote hakuna aliyesema kwa ukali kama yeye. Alisema uchafu umeingia nchini. Alisema jike lile ling'olewe upesi, kabla mbegu haijakomaa, ili liwe fundisho. Sauti yake ilitetemeka kwa uchungu wa uzalendo. Zawena alikaa chini akitazama vidole vya miguu yake, na kama Kidawa angemwangalia vizuri wakati ule angeona kwamba hakuwa akitetemeka hata kidogo. Hakumwangalia. Alikuwa akimwangalia yule mwanaume, chuki ikimpa akili.

"Waheshimiwa," Kidawa akasema, "mgeni anaomba nafasi."

Makwega akampa.

"Nimefundishwa jana kwamba mimba hutokana na vumbi la dume. Nimefundishwa pia kwamba nchi hii haina dume. Yote yaling'olewa, na nyie waheshimiwa hamkuota, mmeteuliwa. Sivyo?"

"Ndivyo," baraza likajibu.

"Basi mimba hii imetoka wapi? Naona njia mbili. Ya kwanza, kuna dume limejificha nchini, tena limejificha karibu na maji. Kama ni hivyo, tusitoke humu. Tufunge milango, tumkague kila mmoja vifundo vyake, na likipatikana sheria ilishike leo hii."

Watunza hawakuangaliana. Mtunza Maji aliifunika pete yake kwa mkono wa pili.

"Njia ya pili," Kidawa aliendelea, na hapa alikuwa ameshaanza kufurahia, Mungu amsamehe, "ni kwamba mdogo wangu hakuguswa na dume. Mtazameni. Amenyimwa mchana, amenyimwa raha, leo kapewa maji kesho kaachwa na kiu. Nyie wenyewe mnajua jike bora likifanyiwa hivyo hutoa nini. Anachokibeba hakina baba. Na kisicho na baba katika nchi hii haking'olewi, waheshimiwa. Kinawekwa kwenye bendera."

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Mtunza Maji. Alipiga kwa nguvu, machozi yakimtoka, na wengine wakamfuata mmoja baada ya mwingine, mpaka Waitikiaji nao wakaitikia marahaba bila kujua wanamwitikia nani. Makwega alisimama akatamka kwamba Zawena si mkosaji. Kuanzia sasa ni Mama Mbegu, na asalimiwe shikamoo na kila mtu, mikono na Watunza.

Walimbeba Kidawa juujuu. Siku ile alikula wali wa nazi uliopikiwa Watunza, akawaza jinsi atakavyoisimulia kesi hii nyumbani, na kwa sauti gani atatamka yale ya vifundo. Zawena alipopitishwa mbele yake, amevikwa joho jeupe, alimtazama dada yake kwa namna ambayo Kidawa aliidhania ni uchovu.

Asubuhi alikwenda kumchukua. Alikuwa amekunja nguo zake na kumnunulia ndala za safari. Akaelekezwa kwenye nyumba ya mbegu. Mlango ulikuwa umefungwa, na mbele yake amesimama Mwitikiaji.

"Nimemfuata mdogo wangu."

"Mama Mbegu hatoki," Mwitikiaji alisema. "Jike la namna hii halitolewi nje ya nyumba. Akipata giza atachanua, akichanua atazeeka. Lazima awe kwenye taa daima."

Kidawa aliweka jicho kwenye lile tundu la ukutani. Taa ziliwaka pande zote. Ule mmea ulikuwa umesogezwa pembeni, na kwenye nafasi yake liliwekwa godoro. Zawena alikuwa ameketi juu yake, amefunika macho kwa viganja vyote viwili. Kidawa alimwita kwa jina. Zawena aligeuza uso kuelekea sauti, bila kuondoa viganja, na akasema kitu ambacho taa zile, kwa mvumo wake, hazikukiruhusu kifike.

Alimkimbilia Makwega, akamkuta akinywa chai.

"Nilisema aachiwe," akasema. "Sikusema afungwe humo."

"Hukusema aachiwe. Ulisema yeye ni kama Bibi wa nyumba ya mbegu. Tumekubali."

"Basi naiondoa hoja yangu. Nilidanganya. Dume lipo, na unalijua. Kila mtu pale ukumbini analijua."

Makwega alimmiminia kikombe. Alikuwa na huruma ya kweli usoni, na hilo ndilo lililomtia Kidawa wazimu. "Binti yangu, hoja yako ni nzuri mno kuondolewa. Imekwisha kupelekwa shuleni, watoto wanaiimba. Huwezi kuja nchi ya watu, ukatufundisha ukweli, kisha ukaukana kesho yake."

Akapewa heshima ya kusindikizwa hadi langoni, kwa kuwa shughuli yake ilikuwa imekwisha. Sijali alikuwa juu ya kigoda chake. Wasindikizaji walipogeuka, Kidawa alikaa chini kwenye vumbi, akalia kwa sauti, akasema angalau amemwokoa na lile panga, angalau hawakumkatakata na kumchoma moto.

Sijali aliacha kuchezea funguo. "Nani akatwe panga?"

"Si ndiyo sheria? Jike lenye mbegu ling'olewe."

"Ndiyo. Mimea inakatwa. Watu wanaletwa hapa kwangu." Sijali alionyesha lango kwa kidevu. "Nawafungulia mimi."

"Kisha?"

"Kisha wanakwenda kwao."

Kidawa alimtazama bila kuelewa, kisha akaelewa. Sijali aliendelea taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa dawa aliyokosea kunywa. Wanawake wengi wamepita langoni hapo na matumbo yao, wengine wakiimba. Kila mkono katika mashamba yale anajua kwamba mimba ndiyo mlango wa kutokea. Ila hakuna anayesema, kwa sababu Watunza wakihisi mtu anaitamani adhabu, wanamnyima. Ndiyo maana wote hulia wakisomewa sheria, na anayejua kulia vizuri hutoka mapema.

"Mdogo wako hakukwambia?"

"Aliniambia," Kidawa alijibu.

Hakwenda nyumbani. Alijenga kibanda cha makuti nje ya ukuta, akawa anawashonea wachuuzi wa chumvi mifuko yao ili apate kula. Alirudi kwa Watunza mara nyingi kadiri Sijali alivyothubutu kumfungulia. Alidai mdogo wake ahukumiwe upya. Alidai ang'olewe. Wakamjibu kwamba mtu hawezi kuiombea aibu fahari ya taifa. Alijaribu kila ujanja aliokuwa nao, wa mahakamani na wa sokoni, na kila ujanja uligonga kwenye ule wa kwanza na kuvunjika. Sijali alimletea habari: Mama Mbegu anakula, Mama Mbegu halali, maana hajui usiku ni upi, Mama Mbegu ameomba kitambaa cheusi, akanyimwa.

Nchi nzima ilikuwa ikingoja. Kwa kuwa mbegu isiyo na baba haitoi ila majike, walikuwa wameshamchagulia mtoto jina la kike, na Mwitikiaji wa kumwitikia.

Siku ya kuzaa ilifika asubuhi moja yenye ukungu. Kidawa alijua kwa sababu ngoma zilizoanza kupigwa ndani zilikatika ghafla. Baada ya muda lango likafunguka akatoka Makwega mwenyewe, bila joho, amebeba kitu kilichofungwa kwa kile kitambaa cheusi alichonyimwa Zawena. Kilikuwa kinalia. Nyuma yake Sijali alikuwa amesimama na funguo, macho chini.

"Ni dume," Makwega alisema. Alisema kwa masikitiko. "Baraza limeumia sana. Hata hivyo dume limeng'olewa kwa mujibu wa sheria, na kwa heshima yako nimelileta kwa mikono yangu."

Kidawa alimpokea mtoto. Alikuwa na joto, mwekundu, ngumi amezikaza, nywele bado zimelowa.

"Mama yake yu hai?"

"Mama Mbegu hajambo. Kulitokea kasoro safari hii, lakini wataalamu wanasema hakuteswa vya kutosha. Samahani, hakujitolea vya kutosha. Atajitolea tena." Makwega alisita, kisha akaongeza, kama anayetoa faraja: "Usiwe na wasiwasi. Mtunza Maji ameomba mwenyewe kuwa mlezi wa nyumba ile. Amekabidhiwa funguo."

Kidawa alitafuta neno. Yeye aliyewashinda wenye nyumba na makadhi na wakwe, alisimama mbele ya mtu yule mpole mwenye kucha safi, akatafuta neno moja tu la kumwambia, na kila lililomjia lilikuwa tayari limo katika sheria yao. Mtoto aligeuza kichwa kifuani pake, akafungua mdomo, akatafuta ziwa, akakosa, akalia zaidi.

"Atanyonya nini?" Kidawa aliuliza mwishowe. "Nipeni basi maziwa ya mama yake. Hata kwenye kikombe."

Makwega alifikiri kwa dhati. Alikuwa mtu mwaminifu, asiyependa kutoa jibu asilo na hakika nalo.

"Sheria ni fupi," akasema. "Haikutaja maziwa."